Rubani aliyepotea 1944: je, kumwekea jiwe ni kumkatia tamaa?

"Habari yako mtaalamu. Mimi ni mama wa Kisumu, nimeolewa huku Ohio. Mama mkwe wangu ana miaka 81 na baba yake hakuwahi kumjua. Alikuwa rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani, anarusha Avenger toka kwenye meli ya kubeba ndege, na Septemba 1944 walitoka watu watatu kwenye hiyo ndege kwenda kupiga visiwa vya Palau huko Pasifiki wasirudi. Mama alikuwa na miezi mitatu. Kwenye sanduku kuna telegramu inasema amepotea vitani, halafu kuna barua inasema amehesabiwa kufa Septemba 1945, mwaka mzima baadaye! Sasa mama anasema kumbe baba aliishi mwaka mzima mateka na hakuna aliyemwendea, hilo linamla, halali. Juzi mtu kapiga simu anasema anajua ndege ilipo chini ya maji, anataka dola 4,500 aanze kazi, mume wangu yuko tayari kutoa. Mimi nilisema tumwekee jiwe pale makaburini karibu na bibi, maana kwetu Wajaluo mtu akifia mbali mwili usipatikane wazee huzika tunda la yago badala yake. Mama akalia, akasema nataka kumzika baba yake ilhali bado anatafutwa. Nimekosea? Na kweli kuna matumaini?"

Dada yangu, hujakosea, na mama naye hajakosea, ila mnaongelea vitu viwili tofauti mkidhani ni kimoja. Wewe unaongelea pa kulilia, yeye anaongelea kutafutwa. Hivi vitu vinaenda pamoja bila shida na nitakueleza vipi, lakini niruhusu nianze na ile tarehe, maana naona ndiyo inayomnyima mama usingizi.

Septemba 1945 si siku aliyokufa. Ni siku ambayo karatasi iliacha kungoja. Tarehe 7 Machi 1942, Marekani ikiwa vitani miezi mitatu tu, bunge lao lilipitisha sheria ya watu waliopotea vitani kwa sababu tatizo lilishawafika: askari hajulikani kama yuko hai au amekufa, je mkewe alipwe mshahara wa mume au malipo ya mjane? Sheria ikasema aliyepotea ahesabiwe yuko hai kwanza, mshahara wake uendelee kwenda kwa wanaomtegemea, na miezi 12 ikitimia bila habari yoyote wakubwa wakae na faili lake waamue, tuendelee kungoja au tumhesabu amekufa. Ndio maana ukipitia majina ya marubani waliopotea baharini mwaka 1944 utakuta wengi mno tarehe yao ya kufa ni mwaka mmoja na siku moja baada ya safari ya mwisho. Mwaka na siku. Chukua ile telegramu na ile barua, zilaze mezani mbele ya mama, mhesabu siku pamoja kwa kidole kwenye kalenda. Sitashangaa ikitoka 366.

Na ukishamaliza kuhesabu mwambie jambo moja ambalo familia nyingi hazijui, kwamba mwaka ule wote mshahara wa baba yake uliendelea kuja nyumbani. Maziwa aliyokunywa mama hadi akaanza kutembea yalinunuliwa kwa mshahara wa mtu ambaye hakuna aliyejua yuko wapi, kwa sababu nchi yake ilikuwa bado inamhesabu kuwa hai. Kwa hiyo kale ka-mwaka katikati ya karatasi mbili ni kipindi ambacho watu walikataa kuharakisha kumwita marehemu. Hata kwetu si jambo geni, makadhi wana neno lake kabisa, mafkudi, mtu aliyepotea asijulikane kama ni hai ama maiti, na sheria ya ushahidi ya Kenya inangoja miaka 7 bila habari ndipo mahakama imdhanie amekufa. Hakuna anayesema yule mtu alikufa siku ile miaka 7 ilipotimia.

Sasa "hakuna aliyemwendea". Hili nalo lirekebishe kwa upole maana ni zito. Mashambulizi yale ya ndege za wanamaji katika Pasifiki yalikuwa na mpango wa kuokota marubani, nyambizi ziliwekwa karibu na visiwa kazi yake ikiwa kungoja wanaoanguka. Mwezi huohuo wa babu yenu, tarehe 2 Septemba 1944, Avenger nyingine ilipigwa ikishambulia kisiwa cha Chichijima cha Wajapani, rubani wake alikuwa kijana wa miaka 20 anaitwa George Bush, ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Akaruka na mwavuli, akaelea kwenye boya saa kadhaa huku ndege wenzake wakimlinda juu, mpaka nyambizi USS Finback ikaja kumchukua. Lakini wenzake wawili waliokuwa ndani ya ndege ileile, John Delaney na William White, hawakuonekana tena. Ndege moja, dakika zilezile, nyambizi ileile, mmoja akaishi miaka 94 na wawili hawana kaburi. Waliwaendea, dada. Bahari haikuwarudisha wote.

Je, angeweza kuwa aliishi kidogo baada ya kuanguka? Nitakuwa mkweli kwako kwa sababu mama atakuuliza: ndiyo, inawezekana, saa chache, pengine siku. Palau kuna marubani walioshikwa na Wajapani na baadhi yao waliuawa hukohuko, hilo linajulikana. Mateka wa mwaka mzima aliyenyamaziwa ni habari nyingine. Vita ilipoisha makambi yalifunguliwa, walionusurika wakahojiwa wenzao ni akina nani, na wanajeshi wa kitengo cha makaburi wakazunguka visiwa wakiuliza wenyeji wamezika nani wapi. Jina lake lingekuwa lilitajwa hai popote lingekuwa ndani ya faili. Na faili mtalipata, nakuja huko.

Niongeze mfano wa nyumbani kwetu, maana watu wanadhani mambo ya marubani wa majini ni ya mbali. Tarehe 6 Januari 1917 ndege ya majini ya Waingereza ilishuka kwenye kijito ndani ya delta ya Rufiji kwa tatizo la injini, rubani akiwa Edwin Moon na mwenzake Kamanda Richard Bridgeman. Wakaiharibu ndege isichukuliwe na Wajerumani, wakazunguka siku tatu ndani ya mikoko hawana chakula, kila kijito wanakivuka kwa kuogelea, wakaunga chelezo, na maji yakawachukua hadi bahari kuu. Bridgeman alikufa kwa uchovu na kuloa. Moon alitupwa pwani, akakamatwa, na kwa kuwa aliishi ndio maana tunajua kilichotokea. Aliyepita Rufiji anaijua ile mikoko, mtu anaweza kuwa mita hamsini na wewe usimwone, na maji yakikupwa yanakupeleka yanakotaka yenyewe. Kama Moon naye angekufa, wote wawili wangebaki mstari mmoja tu kwenye daftari la meli: hawakurudi. Kwa hiyo mtu akikwambia "wangetafuta vizuri wangempata", mjibu hapana, si lazima.

Kuna kisa kimoja nataka mume wako akisome polepole kabla hajatoa pesa, ni cha rubani wa wanamaji Michael Scott Speicher. Usiku wa kwanza wa vita vya Ghuba, Januari 17, 1991, aliruka na ndege ya vita Hornet toka meli ya Saratoga, akaangushwa magharibi ya Iraq. Miaka 33, ana watoto wadogo nyumbani. Kwanza walisema ameuawa. Halafu wawindaji kutoka Qatar wakakuta mabaki ya ndege jangwani, 1995 wachunguzi wakaenda wakakuta vitu vyake lakini mwili hakuna, na hapo ndipo maneno yakaanza. Fulani kamwona jela Baghdad. Fulani alimwendesha kwenye gari. Herufi za jina lake zimechorwa ukutani. Mwaka 2001 wakambadilisha toka aliyeuawa kuwa aliyepotea, 2002 wakamwita aliyepotea-mateka, huku nyuma akipandishwa cheo hadi kapteni, mtu ambaye hajulikani alipo. Familia ilikaa hivyo, juu chini, juu chini, miaka 18. Mwaka 2009 wenyeji wa Iraq wakawaonyesha wanajeshi wa Marekani mahali Wabedui walipomzika, walichimba katika mkoa wa Anbar, wakapata mifupa, na taya likalingana na rekodi za meno yake. Alikuwa pale pale jangwani muda wote. Watu wa kawaida, wafugaji, walimstiri kwa heshima na kuendelea na safari yao.

Nakipenda hiki kisa kwa sababu kinasema mambo mawili kwa pamoja na yote ni kweli. Uvumi ulikuwa wa uongo. Na kutafuta hakukuwa bure.

Sasa huyo mtu wa simu. Dada, msimpe hata senti. Shirika la serikali linalotafuta waliopotea linaitwa kwa kifupi DPAA, liko chini ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, halitozi familia chochote, si kwa msako, si kwa vipimo, si kwa mazishi mtu akipatikana. Anayejua kweli ndege ilipo hana haja ya hela za mjukuu, anatoa eneo kwa DPAA nao wanamsikiliza. Kuna na sheria ya mwaka 2004 inayosema mabaki ya ndege na meli za kijeshi za Marekani zilizozama ni mali ya serikali bado, huwezi kwenda kuchokoachokoa, na mtu akitoa vitu kule chini kiholela anaharibu ushahidi ambao ungemtambulisha babu. Mwambie huyo bwana kwa adabu akuandikie alichonacho, tarehe, mahali, namba ya ndege, halafu mpelekee afisa wa familia nitakayemtaja hapa chini. Mara nyingi mtu wa aina hii akisikia neno "afisa" simu inakatika.

Matumaini je? Takwimu za DPAA zinasema Wamarekani waliopotea kuanzia vita vya pili vya dunia hadi leo na hawajapatikana ni zaidi ya 81,000. Kati yao kama 72,000 ni wa vita hiyo ya babu yenu, na karibu 41,000 kwa jumla wanadhaniwa wako baharini. Akiwa alianguka kwenye kina kirefu nje ya miamba, ukweli ni kwamba huenda asipatikane kamwe, na jeshi la wanamaji lenyewe lina desturi ya kuihesabu bahari kuwa kaburi halali la baharia. Lakini Palau si bahari kuu tu. Ndani ya ule ukingo wa matumbawe kuna maji ya kina cha kawaida na misitu ya mikoko, na ndege nyingi zilianguka humo. Mwaka 1993 daktari mmoja Mmarekani, Patrick Scannon, aliona bawa la ndege kwenye maji ya Palau, likamkaa moyoni, akawa anarudi mwaka hadi mwaka na wenzake wakihoji wazee wa visiwani na kupiga mbizi, na toka 2012 wakaungana na wanasayansi wa bahari wa vyuo vikuu wenye vyombo vya kupima chini ya maji kwa sauti, wakajiita Project Recover. Avenger wamezikuta. Kwa hiyo kama ni mimi nimekaa na mama ningemwambia: inawezekana, si ahadi, na kazi yako mama si kungoja, kazi yako ni kuacha alama yako ili siku mfupa ukipatikana kuwe na wa kulinganishwa naye.

Hapa ndipo nataka mfanye haraka, maana miaka 81 ni miaka 81.

Watu wengi wanaamini damu yoyote ya ukoo inatosha, au kwamba mjukuu wa kiume ndiye bora kwa kuwa ni mwanaume. Sivyo. Mfupa uliokaa majini miaka 80 DNA yake imechakaa, kwa hiyo maabara hupenda kuanza na ile ya mitokondria kwa sababu ni nyingi. Fikiria kitabu kimoja kimechapwa nakala elfu na kingine nakala mbili, mchwa wakiingia ghalani, kile cha nakala elfu utakuta bado kuna kurasa za kusoma. Hiyo ya nakala elfu ndiyo ya mitokondria, ile ya nakala mbili ndiyo ya kwenye kiini cha seli. Tatizo ni kwamba ya mitokondria mtu huipata kwa mama yake tu, inakwenda kikeni. Babu alikuwa nayo, aliipata kwa mama yake, lakini hakuweza kumpa mtoto. Kwa hiyo mama mkwe wako, binti yake wa kumzaa, hana mitokondria ya baba yake hata kidogo, anayo ya mama yake. Na ile ya kuumeni, ya baba kwa mtoto wa kiume, hana vilevile kwa kuwa ni mwanamke, na mume wako hana kwa sababu amezaliwa na binti.

Usivunjike moyo. Mama bado ni wa thamani kubwa kuliko wote kwa ile ya nakala mbili, kwa sababu ni mtoto, nusu ya DNA yake ni ya baba yake, na vipimo vya siku hizi vinaisoma hata kwenye mifupa migumu kuliko zamani. Ndio maana nasema haraka. Lakini kando yake mtafute watu wa kikeni wa babu: dada zake kama wapo hai, la sivyo watoto wa dada zake, watoto wa mabinti wa dada zake, au watu waliotoka kwa mama wadogo wa babu kwa njia ya wanawake. Na kwa kuumeni tafuteni kaka wa babu au mtoto wa kiume wa huyo kaka. Huenda ni watu ambao familia haijaongea nao miaka 50, na hapo wewe mke wa Kijaluo unaweza ukawa ndio msaada mkubwa kuliko mume wako, maana nyie kuhesabu ukoo hamuoni aibu. Kaa na mama na daftari, uliza: baba yako walizaliwa wangapi, dada yake aliolewa wapi, watoto wake kina nani. Andika hata jina nusu.

Pa kupiga simu ni ofisi ya jeshi la wanamaji inayoshughulikia familia za waliopotea, iko Millington, Tennessee. Waambie wewe ni familia ya rubani aliyepotea 1944, mna jina na tarehe, mnataka kufungua mawasiliano na kutoa sampuli. Wanatuma kiboksi kwa posta bure, ndani kuna vijiti vya kupangusia ndani ya shavu, hakuna sindano, mama anapangusa amekaa kwenye kochi lake, mnarudisha, kinaishia kwenye maabara ya jeshi iliyoko Delaware. Kinakaa hapo hata kama hakuna mfupa wa kulinganisha leo. Muulizeni afisa pia mikutano ya familia ya DPAA ni lini karibu na kwenu, huwa inazunguka miji mbalimbali ya Marekani, na hii nakushauri mwende wenyewe, mama akiweza safari. Kukaa chumba kimoja na mzee mwenzake ambaye naye alikuwa na miezi mitatu baba alipopotea, hicho hakuna barua inayoweza kukileta.

Nyaraka kwa kifupi. Mtaambiwa faili zote ziliungua St. Louis mwaka 1973. Ni kweli palikuwa na moto mkubwa sana, ila uliteketeza faili za jeshi la nchi kavu na la anga, za wanamaji hazikuguswa, kwa hiyo ombeni faili lake la utumishi hukohuko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Ombeni na faili la marehemu, lile ambalo kitengo cha makaburi waliandika walitafuta wapi na kumhoji nani baada ya vita. Na msipoteze muda kutafuta zile ripoti maarufu za wafanyakazi wa ndege waliopotea, zile zilikuwa za jeshi la anga, za wanamaji ni ripoti za mapigano za kikosi chake na shajara ya meli. Humo ndimo mtakuta rubani wa ndege ya pembeni ameandika nini, aliona moshi, aliona mwavuli, hakuona kitu. Soma wewe kwanza kabla ya kumpa mama.

Nije kwenye jiwe.

Kwanza, mama ajue kwamba jina la baba yake kwa uwezekano mkubwa lilishachongwa kwenye jiwe zamani, na hakuna aliyeacha kumtafuta kwa sababu hiyo. Wanamaji waliopotea upande wa Palau wamewekwa kwenye makaburi ya Wamarekani mjini Manila, kuna kuta zenye majina zaidi ya 36,000 ya watu wasio na kaburi. Aliyepatikana baadaye jina lake halifutwi, wanaweka kiua kidogo cha shaba, yaani alama ya umbo la ua, pembeni ya jina. Kiua kile ndicho jibu la swali la mama. Ukuta unajua kwamba huenda siku moja kikahitajika.

Pili, serikali inawapa bure jiwe la kumbukumbu la askari ambaye mwili wake haukupatikana, na juu yake lazima yaandikwe maneno ya kuonyesha ni la kumbukumbu, si la maziko. Yaani jiwe lenyewe linakiri kwamba hayupo hapo. Mkiliweka kwenye makaburi ya taifa na sehemu ni bure, mkiliweka pale kwenye makaburi ya kwenu karibu na bibi, jiwe linaletwa bure ila gharama ya kulisimika na ada ya makaburi ni yenu. Faili la DPAA halifungwi. Na akipatikana baada ya miaka kumi, familia inachagua azikwe wapi, hata palepale mbele ya jiwe lililokuwa likimngoja.

Mimi hili silisemi kwa vitabu tu. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na kaka mwanajeshi wa mizinga, akapanda meli Khedive Ismail hapo Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12 meli ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, watu 1,297 wakafa, wengi wao vijana wetu wa Afrika Mashariki. Nyanya alikuwa na kikombe cha bati cha kaka yake. Kilining'inia kwenye msumari jikoni miaka yote, hakuna aliyeruhusiwa kukinywea, hata mgeni. Nikiwa mtu mzima tayari nikampeleka Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, pale kuna mnara wa wasio na kaburi na wale wa Khedive Ismail wamo. Nilimtafutia jina. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo nikamshika kidole nikakipitisha kwenye herufi moja moja nikizitamka, na tulipofika ya mwisho akarudi mwenyewe mwanzo, akapitisha tena bila mimi. Akaomba akae chini. Hatukuongea njia nzima. Kesho yake asubuhi akakitoa kile kikombe kwenye msumari, akakisugua kwa jivu, akamtekea maji mjukuu aliyekuwa amesimama karibu.

Hakuacha kumlilia kaka yake. Aliendelea kumtaja hadi alipofariki. Lakini alipata pa kuweka kidole. Hilo yago lenu wazee walilielewa muda mrefu sana kabla ya wataalamu, na wataalamu walipolifikia walilifikia kupitia watu hawahawa: miaka ya 1970 Pauline Boss alifanya utafiti na familia za marubani wa Kimarekani waliopotea vita vya Vietnam, ndipo akaupa jina msiba wa aina hii usio na uhakika, akaonyesha kwamba mtu haugui akili, ni hali yenyewe ndiyo inayogoma kumwachia. Anachoshauri ni kushika mambo mawili mkononi kwa wakati mmoja, huenda amekufa na huenda tukampata, bila kumlazimisha mtu achague. Kwa hiyo usimwambie mama "tumalize". Najua ulimaanisha vizuri na hukulitamka, ila ndilo neno alilolisikia mama uliposema jiwe, likamliza. Mwambie "tumpe mahali wakati tunangoja". Na jiwe achague yeye, maneno achague yeye, mwaka wa kuandika ajadiliane nao yeye.

Nina wasiwasi kidogo na huko kutolala. Kama ni wiki mbili tatu sasa, kama anaacha chakula, au akianza kusema baba yuko njiani anakuja leo, usiseme ni huzuni tu. Mzee wa miaka 81 anaweza kuchanganyikiwa kwa maambukizi ya mkojo au dawa mpya, mpelekeni kwa daktari wake ana kwa ana wiki hiihii, mkitaja kila dawa anayotumia. Na kama ni moyo wenyewe umelemewa, tafuteni mshauri wa mambo ya msiba au kasisi wa kijeshi wa kukaa naye uso kwa uso, mimi kwa maandishi siwezi kumshika mkono.

Kitu kimoja cha mwisho nusura nikisahau. Ndani ya ile Avenger walikuwa watatu. Rubani ni babu yenu, lakini kulikuwa na mpiga bunduki na fundi wa redio, na wao pia wana watoto na wapwa mahali fulani Marekani, pengine wamekaa na telegramu kama yenu na hawajui tarehe ile inamaanisha nini. Majina yao yatakuwa kwenye ripoti ya kikosi. Ukishayapata niandikie, pamoja na jina la meli na namba ya kikosi, nitaanzia hapo.